Lucille Ball: Mwanamke Aliyechekesha Huku Akihesabu

Watu wengi huuhesabu uchekeshaji kuwa ni kazi ya wasio na kazi. Mzazi akisema kwamba binti yake ni mwalimu au muuguzi, wasikilizaji huitikia kwa heshima. Akisema kwamba binti yake ni mchekeshaji, hutazamana. Hata sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulizoea kumhamisha kiti mtoto anayewachekesha wenzake, tukidhani kwamba kicheko na akili havikai dawati moja. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niwasimulie wasomaji wa ukurasa huu wa nyumbani habari za Lucille Ball, mwigizaji wa Marekani, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini aliingia sebuleni mwa watu kila juma kwa njia ya televisheni, akawavunja mbavu, na huku nyuma ya pazia akiendesha kazi, ndoa na mali kwa hesabu ambayo wengi wetu tunaopokea mshahara hatujaijua bado.

Michezo yake ilinifikia kupitia kwa shemeji yangu aishiye Ubelgiji, aliyetuletea diski zake alipokuja likizo. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Buyenzi ambaye hajui Kiingereza hata neno moja, alikaa nasi kutazama mchezo wa kwanza. Baada ya dakika kumi alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nilipomwuliza anachekeshwa na nini ilhali maneno hayaelewi, alinijibu, "Mwanangu, maneno ya nini? Mwanamke huyu namjua. Alikuwa jirani yangu."

UTOTO WENYE MIIBA

Lucille alizaliwa tarehe 6 Agosti 1911 katika mji mdogo wa Jamestown, Jimbo la New York. Mwaka 1915, alipokuwa na umri wa miaka mitatu tu, baba yake aliugua homa ya matumbo akafariki, na mama yake wakati huo alikuwa mja mzito. Watoto hao wawili, Lucille na mdogo wake Fred, walilelewa kwa kiasi kikubwa nyumbani kwa babu na bibi upande wa mama, katika kijiji cha Celoron kando ya ziwa. Babu huyo, fundi mwenye kupenda watu, ndiye aliyemchukua mjukuu wake kwenda kutazama michezo ya jukwaani, na huko ndiko mbegu ilikopandwa.

Lakini nyumba hiyo nayo haikudumu. Mwaka 1927 mtoto wa jirani alipigwa risasi kwa ajali katika uwanja wa babu, wakati watoto walipokuwa wakijifunza kulenga shabaha, akapooza. Babu alishtakiwa, na mwishowe familia ikapoteza nyumba. Yatima wa baba alikuwa sasa ni mtoto asiye na kwao.

Katika miaka hiyohiyo mama yake alimpeleka New York kusoma katika shule ya maigizo. Mwanafunzi mwenzake alikuwa Bette Davis, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa sinema. Walimu walimsifu Bette. Lucille walimwona ana haya mno, wakamrudisha kwao kama mtu asiye na kipaji. Mimi niliyeshika chaki kwa miaka sita nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Ripoti ya mwalimu huandikwa kwa dakika tatu, na mtoto huibeba miaka thelathini. Heri yake Lucille kwamba hakuiamini. Alirudi New York akawa mwonyesha mavazi katika duka la mshonaji mashuhuri Hattie Carnegie, akaugua viungo hata asiweze kusimama kwa muda mrefu, akauguzwa na mama yake, akajifunza upya kutembea, kisha akarudi tena.

Mwaka 1933 alikwenda Hollywood kama mmoja wa wasichana warembo waliopangwa nyuma ya waigizaji wakubwa. Kwa muda wa karibu miaka kumi na minane aliigiza katika filamu zaidi ya hamsini, aghalabu zile za gharama ndogo zilizoonyeshwa kabla ya filamu kubwa. Alijulikana, lakini hakutukuka. Wengi katika hali hiyo wangesema riziki yangu imeishia hapa. Yeye alikuwa akijifunza kazi.

MUME MWENYE LAFUDHI

Mwaka 1940, wakati wa kutengeneza filamu moja, alikutana na Desi Arnaz, mpiga muziki kutoka Kuba, aliyekimbilia Marekani akiwa kijana baada ya mapinduzi ya mwaka 1933 kuivuruga familia yake. Lucille alikuwa na miaka 29, Desi 23. Walioana mwezi Novemba mwaka huohuo. Mume alizunguka na bendi yake, mke akabaki studio. Wakakutana njiani mmoja akirudi na mwingine akienda. Mimba kadhaa ziliharibika. Ndoa ilianza kulegea.

Tangu mwaka 1948 Lucille alikuwa na mchezo wa kuchekesha katika redio ya shirika la CBS, naye aliigiza mke wa mfanyakazi wa benki. Mchezo ulipopendwa, wakuu wa CBS wakataka uhamie katika televisheni, chombo kilichokuwa kipya wakati huo. Lucille akakubali kwa sharti moja: mume wa kwenye mchezo awe mumewe wa nyumbani. Wakuu wakakataa. Walisema watazamaji hawatasadiki kwamba mwanamke wa Kimarekani ameolewa na Mkuba mwenye lafudhi nzito. Jibu la Lucille lilikuwa rahisi: ameolewa naye kweli.

Basi mwaka 1950 wawili hao walitunga mchezo mfupi wakazunguka nao jukwaa kwa jukwaa, mji kwa mji, ili umma wenyewe uamue. Umma ukaangua kicheko. CBS wakasalimu amri. Mwaka huohuo wakaanzisha kampuni yao wakaiita Desilu, majina yao mawili yakiwa yameunganishwa kama vidole vya mikono miwili. Sisi tunaoishi katika miji hii ya mchanganyiko, ambako kila mtaa una lafudhi tano na kila harusi ina makabila mawili, tunaweza kupima uzito wa jambo hilo. Mwanamke huyu hakuhutubu juu ya ndoa za mchanganyiko. Alimwonyesha mumewe kwa watu, wakamzoea.

FILAMU BADALA YA MSHAHARA

Hapa ndipo pahali ambapo naomba msomaji asipite haraka, maana hapa ndipo akili ya Lucille na Desi ilipong'aa kuliko vichekesho vyao.

Siku hizo michezo mingi ya televisheni ilichezwa moja kwa moja, hasa kutoka New York, na watu wa upande wa magharibi wa Marekani wakaletewa nakala hafifu iliyopigwa kutoka katika kioo cha televisheni chenyewe, yenye ukungu. Kampuni ya sigara iliyogharamia mchezo ilitaka Lucille na Desi wahamie New York. Wao walikuwa wanataka kuishi kwao California na kumlea mtoto wao wa kwanza, Lucie, aliyezaliwa Julai 1951 baada ya miaka mingi ya kungoja. Wakatoa shauri: mchezo upigwe katika filamu halisi ya sinema, mbele ya watazamaji walioketi ukumbini, kwa kamera tatu zinazofanya kazi pamoja. Karl Freund, mpiga picha mashuhuri aliyejipatia sifa Ujerumani, akapanga taa kwa namna ambayo kamera zote tatu ziliweza kupiga bila ya kusimamisha mchezo. Mpango huo ukawa mfano uliofuatwa na wengi katika vichekesho vya televisheni hata leo.

Lakini filamu ilikuwa ghali. Nani atalipa? Lucille na Desi wakakubali kupunguziwa malipo yao ya kila juma, na badala yake kampuni yao ikawa mwenye filamu hizo. Wakati huo hakuna aliyeona thamani ya kitu kilichokwisha kuonyeshwa. Ni sawa na kung'ang'ania gazeti la jana. Kumbe watu walikuwa tayari kucheka mara ya pili, na ya kumi. Mwaka 1957 wawili hao waliwauzia CBS haki za filamu hizo kwa mamilioni ya dola, na mwaka huohuo Desilu ikanunua studio za RKO, zilezile ambamo Lucille aliwahi kuwa mwigizaji mdogo wa kupangiwa kazi.

Wifi yangu ni fundi wa cherehani. Mwenye duka mmoja alimwita amshonee kwa mshahara wa mwezi, mshahara mzuri, mradi karatasi za vipimo na mitindo anayoikata mwenyewe zibaki dukani kama mali ya duka. Wifi alikuja kutuuliza. Mume wangu akapiga hesabu ya mshahara. Mimi nikamsimulia habari ya filamu za Lucille. Alikwenda akakubali kulipwa kidogo zaidi, na kila jioni hurudi na karatasi zake zimekunjwa ndani ya mkoba. Ni mapema kusema kama atatajirika. Lakini duka likifungwa kesho, ufundi wake una pa kukaa.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo uitwao "I Love Lucy" ulianza tarehe 15 Oktoba 1951. Lucille aliigiza Lucy Ricardo, mke wa nyumbani wa New York, na Desi aliigiza mumewe Ricky, kiongozi wa bendi. Juu ya hao walikuwapo Fred na Ethel Mertz, wenye nyumba ya kupanga na majirani wa kila saa, walioigizwa na William Frawley na Vivian Vance. Lucy anataka kuingia jukwaani, mume hataki. Hadithi nyingi zinazaliwa hapo.

Mchezo nilioupenda kupita yote ni ule wa mwaka 1952 ambamo waume na wake wanabadilishana kazi. Wanawake wanakwenda kiwanda cha chokoleti, wanaume wanabaki jikoni. Ricky anapika wali wa watu wanne kwa kipimo cha ratili moja ya mchele kwa kila mtu. Wali unafura, unainua vifuniko, unamwagika sakafuni, naye anaupiga vita kama mtu aliyevamiwa na siafu. Huko kiwandani Lucy na Ethel wanafunga peremende zinazopita juu ya mkanda; mkanda unaongeza mwendo; wanazificha kofiani, kifuani, mdomoni. Hapana mtu asiyejua hali hiyo. Mimi nimeiona ofisini, mafaili yakija na mkuu akisema, "Vizuri, basi tuongeze."

Na kicheko hicho hakikuanguka kutoka mbinguni. Waandishi Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll waliandika kila tendo, na Lucille alilirudia zoezi hata mikono ikalijua. Aliyechovya chokoleti kando yake katika mchezo huo alikuwa mfanyakazi halisi wa kazi hiyo. Lucille alitaka mkono wa kweli karibu naye. Wenye kudhani kwamba mchekeshaji huropoka tu na wamtazame vidole.

NENO LILILOKATAZWA

Katika mwaka wa pili Lucille alikuwa mja mzito tena, akiwa na umri wa miaka 41. Desturi ya televisheni ya Marekani ilikuwa kumficha mwanamke mja mzito nyuma ya viti na meza, au kumwondoa kabisa. Ingawa mchezo mmoja wa zamani zaidi ulikwisha kuonyesha mimba, kwa mchezo mkubwa kama huu wakuu waliona ni aibu. Lucille na Desi wakasema Lucy wa kwenye mchezo naye atakuwa mja mzito, na mbele ya watu wote. Yakafikiwa mapatano: padri, mchungaji na rabi wasome maandishi kabla, na neno la Kiingereza lenye maana ya "mwenye mimba" lisitamkwe. Kipindi cha tarehe 8 Desemba 1952 kikapewa jina lenye neno la Kifaransa, "enceinte". Wasomaji wa hapa kwetu mtacheka: neno ambalo kila muuguzi wa zahanati zetu huliandika kwenye kadi ya kliniki ndilo lililoonekana limevaa heshima ya kutosha.

Tarehe 19 Januari 1953 Lucille alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji, na usiku huohuo Marekani ikamwona Lucy wa mchezoni akipelekwa hospitali kujifungua. Watu wapatao milioni 44 walitazama, wengi kuliko walioona Rais Eisenhower akiapishwa siku iliyofuata. Na mama alipokuwa akipumzika na mtoto wake, vipindi vilivyopigwa mapema vilionyeshwa na vya zamani vikarudiwa, kwa kuwa filamu zilikuwapo. Uamuzi wa mali ukawa umekuja kuuokoa uzazi.

Habari hii inanigusa mwilini. Nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa tatu nilikuwa nimewekwa meza ya mbele katika ofisi moja ya umma, kupokea wananchi na karatasi zao. Mwezi wa saba mkuu wangu aliniita, akasema kwa upole, "Mama, wageni wakubwa watatutembelea. Nenda ukakae chumba cha mafaili mpaka utakapojifungua. Hali yako si ya mapokezi." Chumba hicho hakina dirisha, na kiti chake hakina mgongo. Nikamwitikia kwa adabu. Jioni nikaandika barua ya mistari minne, kuomba nitajiwe kanuni inayosema kwamba mtumishi mja mzito asionekane. Nikaiacha mezani kwake asubuhi, nikaketi mahali pangu. Jibu halikuja. Wageni walikuja, mmoja wao, mama wa makamo, aliniuliza nimebakiza muda gani akanitakia salama. Nilikaa meza ile hadi siku ya kuanza likizo.

Sisemi kwamba nilipata ushujaa kutoka katika sanduku la picha. Nasema kwamba nilikwisha kumwona mwanamke mwenye tumbo kubwa akisimama mbele ya watu milioni arobaini na nne, na taifa lake halikuanguka.

KICHEKO NA MACHOZI

Mgala muue na haki yake mpe. Lakini pia sifa zisitufumbe macho. Nyumba ya Lucy na Ricky ilicheka kila Jumatatu, na nyumba ya Lucille na Desi ilikuwa ikibomoka. Kazi ilizidi, ulevi ukazidi, na Desi hakuacha kufuata wanawake wengine. Mchezo wa kila juma ulikoma Mei 1957 baada ya vipindi 180, ukiwa bado unaongoza. Wakaendelea na vipindi virefu vya mara kwa mara. Machi 1960, mara tu kipindi cha mwisho kilipokwisha kupigwa, Lucille alipeleka ombi la talaka mahakamani. Katika picha za mwisho mtu akijua habari hiyo anaona macho yake hayachezi pamoja na mdomo.

Wapo watakaosema, hayo ndiyo matokeo ya mke kufanya kazi. Mimi naona kinyume. Kazi ndiyo iliyowaweka pamoja miaka ishirini. Kilichowatenga ni kile kivunjacho ndoa hata kwenye nyumba zisizo na mshahara hata mmoja. Tena hawakufanya watoto wao silaha. Waliendelea kuheshimiana mpaka Desi alipofariki Desemba 1986.

MWENYE KITI CHA MBELE

Mwaka 1962 Lucille alinunua hisa za Desi akawa rais wa Desilu, mwanamke wa kwanza kuongoza kampuni kubwa namna hiyo ya kutengeneza vipindi vya televisheni Marekani. Alikuwa ameolewa tena, na Gary Morton, na tayari alikuwa na mchezo mpya. Asubuhi alisoma hesabu, mchana alianguka kwenye ndoo ya maji mbele ya kamera. Chini ya uongozi wake Desilu ilitoa mwaka 1966 michezo ya "Star Trek" na "Mission: Impossible", ambayo majina yake yanafahamika hadi sasa. Mwaka 1967 akaiuza kampuni kwa dola milioni 17, akaendelea kuigiza, sasa pamoja na watoto wake wawili, mpaka 1974.

Mwaka 1986, akiwa na miaka 75, alijaribu mchezo mwingine. Haukupendwa, baada ya vipindi vinane ukaondolewa, akaumia sana. Alifariki Los Angeles tarehe 26 Aprili 1989 kwa kupasuka mshipa mkubwa wa damu, na mwaka huohuo akatunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais, heshima ya juu ya raia nchini mwake.

Jambo linalonifikirisha zaidi ni hili. Lucy wa mchezoni aliomba ruhusa ya mumewe kila juma, akakataliwa, akafanya hila, akashindwa, akasamehewa. Lucille aliyemwigiza alikuwa na saini yake kwenye hati. Watu walimpenda yule wa kwanza, na yule wa pili ndiye aliyewalipa mishahara. Huenda ilikuwa lazima mmoja amfunike mwenzake ili wote wawili wapite mlangoni.

Akina mama wenzangu, na akina baba mnaosoma ukurasa huu baada ya wake zenu: mnapoona binti anachekesha, msikimbilie kumnyamazisha, mtazameni kama anajirudia mpaka apate. Na mnapoona mwanamke anafanya kazi yoyote, iwe kushona, kufundisha au kukaanga maandazi, mwulizeni swali ambalo sisi huliacha mpaka tumezeeka: mwisho wa siku, kilichotengenezwa ni cha nani?